Tairi la Kushusha Upepo: Angalia Ubavu Kabla ya Meno

Watu wengi wakienda kununua matairi ya njia mbovu huinama kuangalia meno. Yakiwa makubwa na yameachana vizuri, wanalipa. Mimi siku hizi naanza na ubavu. Ukishashusha upepo hadi PSI 15 (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo) ili upite mchangani, kazi kubwa inafanywa na ubavu: ndio unaojikunja na kuliacha tairi lilale. Ubavu ukikataa kukunjika, upepo umeutoa bure.

Tairi likipungua upepo halitanuki sana kwa upana kama wengi wanavyodhani. Linarefuka. Sehemu inayogusa ardhi inaongezeka zaidi mbele na nyuma, uzito wa gari unasambaa, na mchanga unakubali kukubeba. Ndiyo maana tairi jembamba lenye ubavu mrefu linaweza kupita mahali ambapo pana lenye ubavu mfupi linachimba shimo.

Kwa hiyo soma namba. Kwenye 265/70R17, upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni inchi 17. Ukipiga hesabu unapata ubavu wa kama milimita 185. Chukua 265/60R18: unabaki na 159. Sentimita mbili na nusu hivi zimepotea, na hizo ndizo zilizokuwa zikunjike. Kama breki za gari lako zinaenea ndani ya rimu ndogo zaidi, mimi ningeshuka inchi moja bila kujali gari litaonekanaje. Rimu kubwa ni za kupigia picha.

Halafu kuna herufi za ubebaji mzigo, na hapa ndipo wauzaji wanapowapoteza watu. C ni sawa na plai, yaani tabaka, 6, D ni 8, E ni 10. Siku hizi namba hizo hazihesabu tabaka zilizomo ndani. Zinaeleza nguvu ya tairi. E limeundwa kubeba mzigo mzito, na mengi yanaruhusu kujazwa hadi PSI 80. Muuzaji atakwambia ndilo imara kuliko yote. Sawa, lakini gari lako lina uzito gani? Nimewahi kuendesha kigari chepesi kilichofungwa matairi ya E. Kwa PSI 15, ukiyatazama ungedhani yametoka kujazwa sasa hivi: ubavu umesimama wima, na mchangani kikawa kinazama kama vile hakuna aliyegusa vali. Uzito wa gari haukutosha kuzikunja zile mbavu.

Gari jepesi lisilobeba mzigo mwingi linafaidi zaidi C. Ukiwa na gari zito lenye tenki la ziada, hema juu na maji ya wiki nzima, E ina maana, na uzito wenyewe utasaidia kulikunja. Kuna pia matairi yanayosifiwa kwa ubavu wa tabaka tatu, na mengine yana meno yaliyoteremka hadi ubavuni. Kwenye mawe makali nayapenda sana, maana ubavu ukichanika porini hauzibiki kirahisi. Lakini kila unene unaoongezwa hapo unapunguza mkunjo. Amua kwanza unapita wapi zaidi, mchangani au kwenye majabali.

Dukani huwezi kulishusha upepo tairi usilolinunua, ila unaweza kuuliza uzito wake. Kwa saizi moja, tairi lililo zito zaidi mara nyingi ndilo gumu zaidi. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba hukakamaa ikizeeka, hata kama tairi halijawahi kutembea.

Yakishafungwa, yapime. Egesha gari mahali tambarare na pagumu, likiwa na mzigo wake wa safari na upepo wa barabarani. Chukua futi, pima kutoka chini hadi ukingo wa chini wa rimu. Tuseme umepata milimita 160. Sasa toa upepo kidogo kidogo, ukisimama kupima, hadi ufike 120, yaani robo ya kimo imeondoka. Soma kipimo cha upepo na uandike namba hiyo. Fanya hivyo mbele, kisha nyuma, kwa sababu uzito haulingani. Tairi laini litafika hapo likiwa bado na upepo wa kutosha. Likihitaji kushuka hadi PSI 10, ni gumu mno kwa gari lako. Kwa upepo huo, ukikata kona kwa nguvu, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, labda uwe na rimu zinazolibana kwa bolti.

Ubavu unaokunjika unatoa joto, na joto likizidi tairi linaharibika kwa ndani kabla hujaona kitu kwa nje. Upepo ukiwa chini mimi sivuki kilomita 40 kwa saa, na kwenye mawe natembea polepole zaidi ya hapo. Kompresa inunuliwe pamoja na matairi. Asiye nayo huogopa kushusha upepo, akabaki na PSI 30 katikati ya mchanga huku ana matairi mazuri kabisa.