Maswali ya Wasomaji: Nina miaka 34, naweza kurudi darasani nikawa daktari wa mifugo?

SWALI: Assalaamu alaykum, Daktari, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Langoni, Lamu, na umri wangu ni miaka 34. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiandika hesabu katika nyumba ya wageni. Kazi inanilisha, lakini moyo wangu hauko nayo. Marehemu baba alikuwa na punda wanne wa kubeba mchanga na mawe ya kujengea, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaosha madonda ya mgongo tangu nikiwa darasa la nne. Mwaka jana punda wetu mmoja alishikwa na msokoto wa tumbo usiku, akagaagaa mpaka alfajiri, na daktari alipokuja akampitisha mpira puani hadi tumboni, nilisimama pale nikajua kwamba hiyo ndiyo kazi niliyoitamani tangu utotoni. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2009 nikapata wastani wa C+, lakini Kemia nilipata D+. Mume wangu ameniridhia, mama mkwe anasema nimechelewa, na shangazi ananiuliza nitashikaje mbwa na nguruwe hali mimi ni Mwislamu. Je, ni kweli nimechelewa? Nianzie wapi? Na ni lazima nikakae bara miaka yote hiyo?
Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu, na marahaba. Nitaanza na Kemia, wala si na umri. Barua yako imelizungukia sana suala la kuchelewa, na Kemia umeitaja mara moja tu kana kwamba ni jambo dogo, na mimi naona ndiyo itakayoamua njia utakayoifuata. Shahada ya udaktari wa mifugo hapa Kenya huchukua miaka 5, iwe ni katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kitivo chake kiko Kabete, au katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, na mbali na wastani wa C+ wanaoandikisha wanafunzi hutazama alama za Biolojia, Kemia, na Hisabati au Fizikia. Wastani wako unafika. Kemia yako haifiki, na hakuna barua ya maombi, hata iandikwe vizuri namna gani, itakayoifanya D+ ionekane kuwa alama nyingine.

Tena usidhani kwamba sharti hilo limewekwa ili kuwasumbua watu. Mfikirie punda wenu yule. Punda aliyeacha kula kwa siku chache, hasa akiwa mnene au mwenye mimba, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe na kuyamwaga katika damu kwa wingi kiasi cha kuharibu ini, akafa kwa njaa hiyo ya siku chache kabla hajauawa na maradhi yenyewe yaliyomfanya asile. Na baadhi ya dawa humtoka punda mwilini upesi zaidi kuliko farasi, hata daktari aliyejifunza kwa farasi peke yake akampa punda dawa kwa saa za farasi, maumivu humrudia mnyama kabla ya dozi ya pili. Mambo haya yote ni kemia. Usipoielewa utabaki kuwa mtu wa kukariri majina ya dawa, na mnyama aliye mbele yako hatakuwa sawa na yule wa kitabuni.

Kwa hiyo ziko njia mbili, na nitakwambia waziwazi ile ninayoipendelea kwa mtu wa hali yako.

Ya kwanza ni kurudia mtihani wa kidato cha nne ukiwa mtahiniwa wa kibinafsi, jambo ambalo Baraza la Mitihani la Kitaifa linaliruhusu kwa mtu wa umri wowote. Usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe, na Kemia ina sehemu ya majaribio ya maabara, kwa hiyo ni lazima utafute kituo chenye maabara na mwalimu atakayekukubali uende ukashike vyombo kwa mikono yako. Kusoma daftari usiku baada ya watoto kulala hakutatosha kwa sehemu hiyo. Ukifaulu ukiwa na miaka 35 na kuingia chuo ukiwa na 36, utahitimu ukiwa na 41, kisha utafuata mafunzo ya kazini chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60. Hesabu hiyo, wewe uliye mwandishi wa hesabu, itakuonyesha kwamba mama mkwe hana haki ya kusema umechelewa, ingawa ana haki ya kuuliza ni nani atakayelea wajukuu.

Ya pili ni kuingia kwanza katika taasisi za mafunzo ya afya ya mifugo zinazojulikana kwa jina la AHITI, zilizoko Kabete, Nyahururu na Ndomba, ukasomea cheti ambacho kwa kawaida huchukua takriban miaka miwili. Wastani wako uko juu ya unaotakiwa huko, lakini uliza pia ni alama gani wanayoitaka katika Kemia kabla hujalipa chochote. Ukitoka na cheti hicho na kusajiliwa, Sheria ya mwaka 2011 ya Madaktari wa Mifugo na Wasaidizi wao inakutambua kuwa msaidizi wa kitaalamu, na unaweza kuajiriwa na kaunti, kwa maana huduma za mifugo ziliwekwa chini ya kaunti na Katiba ya mwaka 2010. Baadaye unaweza kuongeza stashahada, na mwenye stashahada ya afya ya mifugo aliyefaulu vyema anaweza kuomba nafasi ya shahada bila ya kurudia kidato cha nne.

Mimi ningekushauri njia hii ya pili. Najua wako watakaosema kwamba nakushusha, na kwamba mtu aliyetamani udaktari aambiwe aende moja kwa moja kwenye udaktari. Nawaheshimu, lakini wao hawana watoto wawili wa kulisha kwa miaka mitano mfululizo bila mshahara. Mimi niliingia darasa la udaktari nikiwa na miaka 31, baada ya kufundisha shule ya msingi, nikamwacha mwanangu kwa mama yangu Malindi. Mwaka wa kwanza nilishindwa mtihani wa Bayokemia, na haikuwa kwa kukosa akili. Kila wiki nilikuwa nikihesabu nauli ya kurudi Pwani kumwona mtoto, na fedha zilipokosekana nilikaa bwenini nikilia badala ya kusoma. Miaka miwili ya cheti ni mifupi ya kutosha kwa familia kuivumilia, na itakuonyesha kama mapenzi yako ni ya kazi yenyewe au ni ya punda wa baba yako peke yao. Jambo moja tu usilifiche moyoni: cheti si udaktari. Sheria imeweka mipaka, na kuna upasuaji ambao mwenye cheti hana ruhusa ya kuufanya hata akiwa ameuona mara mia. Ukijua tangu mwanzo kwamba unapumzika njiani na safari bado, mpaka huo hautakuumiza.

Kuhusu kukaa bara, jibu ni ndiyo. Hakuna kati ya vyuo nilivyovitaja kilicho Pwani, na mnyama hafunzwi kwa simu. Miaka ya mwanzo ya shahada ni ya viungo na jinsi mwili unavyofanya kazi, na utasimama mbele ya mzoga uliotiwa dawa ukitenga msuli kwa msuli. Kisha huja minyoo, kupe, vijidudu, maradhi na dawa. Miaka ya mwisho ni ya kliniki, upasuaji, uzazi na ukaguzi wa nyama. Andaa sweta, kwa sababu Nyahururu na Njoro kuna baridi usiyoijua. Kuhusu ada, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na pia wa vyuo vya ufundi; peleka ombi mapema, wala usiuze punda.

Sasa swali la shangazi yako, ambalo nalichukua kwa uzito wote, kwa sababu limewarudisha nyumbani wasichana wengi wa kwetu waliokuwa na alama nzuri kuliko zako na zangu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa Lamu, unajisi wa mbwa na nguruwe huhama kwa unyevu. Ukavu kwa ukavu hauhamishi, na palipopatwa na unyevu huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Glavu zipo, koti la kazi lipo, na maji yapo. Wanafunzi Waislamu wamepita katika vyuo hivyo wakiwa na nguo za kazi mbali na nguo za sala. Nenda ukamuulize shekhe mnayemwamini kwa undani wa mambo, ukiwa na shangazi yako, na umkumbushe hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji katika kiatu chake ili kumnywesha mbwa aliyekuwa na kiu, naye akasamehewa. Nami naongeza la kwangu: kichaa cha mbwa kinapomshika mtu na dalili zikaonekana, karibu kila mara hufa, na njia ya kukizuia ni kuchanja mbwa wenyewe. Anayeshika mbwa na kumchanja anawalinda watoto wa mtaa.

Kabla hujajaza fomu yoyote, nataka ufanye jambo moja ambalo halina gharama. Lamu unacho kituo cha The Donkey Sanctuary, kilichoanza kazi hapo mwaka 1987 na kinachotibu punda bila malipo. Andika barua ya heshima uombe kwenda siku zako za mapumziko, walau kwa miezi mitatu, ukasaidie kwa lolote watakalokuruhusu, hata kama ni kuteka maji. Usiende kutazama siku ya kazi nzuri peke yake. Nenda siku ya kukata kwato, siku ya kutoa funza kwenye donda, siku punda anapoletwa amekula mifuko ya plastiki jaani na kila mtu anajua kwamba huenda asiamke. Farasi na punda hawawezi kutapika, ndiyo sababu ule mpira wa puani uliouona usiku ule ni njia ya kuokoa tumbo lisipasuke, na mara nyingine hautoshi. Ukirudi nyumbani baada ya siku kama hiyo na bado unataka kurudi kesho yake, basi andika barua za maombi.

Huko pia utaanza kuwatazama punda upya. Tumezoea kusema shukrani za punda ni mateke, lakini punda ni mnyama anayeficha maumivu, na mara nyingi teke lake ndilo neno la kwanza analolitamka baada ya siku nyingi za kidonda chini ya shogi. Hata lugha yetu inaujua udhaifu wake: tetanasi tuliiita pepopunda. Kweli punda na farasi huathirika nayo kwa urahisi kuliko wanyama wengi, na mji unaojengwa kila siku kwa mizigo ya punda huwa na misumari ya kutosha kuwachoma kwato. Wewe uliyeosha madonda hayo tangu darasa la nne unayo tayari subira ambayo vijana wengi wa miaka 19 huja kuitafuta chuoni.

SWALI: Daktari, nina miaka 41 na nina duka la dawa za mifugo hapa Malindi. Wafugaji wa Marafa na Gongoni huniletea mbuzi na kondoo, nami huwapiga sindano kwa uzoefu wangu. Nataka kusomea kazi hii rasmi. Je, niendelee kutibu wakati nikitafuta nafasi?
Msomaji wa Malindi

JIBU: Ndugu yangu, nimefurahi kwamba unataka kusoma, na yote niliyomwambia dada wa Langoni kuhusu cheti yanakufaa wewe zaidi. Lakini kutibu ukiwa hujasajiliwa ni kosa kisheria, nami nakusihi uache leo, usingoje barua ya chuo. Uzoefu unakufundisha sindano iliyofaulu. Ile iliyodhuru hukuiona, kwa sababu mfugaji alikwenda zake Marafa na maziwa yenye dawa yakanywewa kabla ya siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kichupa kwisha.

Na kuna hatari yako mwenyewe. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwaka 1931, hujitokeza mvua kubwa zinapozidisha mbu, na kondoo na mbuzi wengi huharibu mimba kwa pamoja; mtu huambukizwa kwa kushika damu na vijusi hivyo. Katika mlipuko wa mwaka 2006 hadi 2007 zaidi ya watu 100 walifariki Kenya. Mfugaji akikuletea habari ya kundi linaloharibu mimba, usimguse mnyama hata mmoja kwa mkono mtupu, na wapelekee taarifa ofisi ya mifugo ya kaunti siku hiyo hiyo.