Kingamwili ya MMP-9 imewaka, lakini je, kimeng'enya kinakata?

Mdogo wangu uliyeuliza juzi, umesema vipande vya uvimbe wa titi ulivyovipaka kingamwili ya MMP-9, kimeng'enya kinachokata protini nje ya seli, vimegeuka kahawia vizuri, na kwenye westani bloti, kipimo kinachopanga protini kwa uzito kisha kuzitambua kwa kingamwili, umepata mistari miwili, mmoja wa uzito wa kilodaltoni 92 na mwingine 67. Sasa unataka kuandika kwenye tasnifu kwamba kimeng'enya hicho kinafanya kazi ndani ya uvimbe. Nakuomba usiandike bado. Nimehangaika na MMP-9 miaka kadhaa hapa Tanga, na kosa hilo nusura niliweke kwenye ripoti yangu mwenyewe.

MMP-9 hutolewa nje ya seli ikiwa imefungwa. Kipande chake cha mbele huwa kimeifunika zinki inayofanya kazi ya kukata, na hapo uzito wake ni kama 92. Kipande hicho kikishaondolewa unabaki na kama 82, na hiyo ndiyo inayoweza kutafuna kolajeni ya aina ya nne kwenye utando ambao seli ya saratani inabidi iupenye ili itoke ilipozaliwa. Kingamwili nyingi zinazouzwa hushika zote mbili. Jambia likiwa alani na jambia lililochomolewa, kwake ni jambia tu. Kwa hiyo kahawia yako inasema MMP-9 ipo, basi. Na mstari wa 92 kwenye bloti unakuambia kwamba nyingi ya uliyoikamata bado iko alani.

Huo wa 67 ndio unaonitia wasiwasi. Ni kweli MMP-9 ikikatwa zaidi hubaki na umbo la karibu uzito huo. Lakini albumini nayo ina uzito wa 66 na ushei, na tishu yoyote yenye damu imejaa albumini. MMP-2, ndugu yake MMP-9, ikishafunguliwa nayo iko jirani hapohapo. Kabla hujaupa mstari jina, rudia jeli ukiweka MMP-9 safi kwenye njia moja, na kwenye nyingine maji ya seli za HT-1080, seli za saratani zinazokuzwa maabara, zilizochochewa kwa kemikali ya PMA, maana hizo hutoa MMP-9 bila ubishi. Zikuze bila serumu saa za mwisho, kwani serumu ya ndama huja na vimeng'enya vyake. Halafu kata utando mwingine wa bloti, uweke kingamwili ya pili peke yake, ile inayoishika ya kwanza ili mstari uonekane. Mstari wa 67 ukitokea hata hapo, si wa MMP-9. Ukiweza kupata seli ambazo jeni yenyewe imezimwa, huo ndio ushahidi ninaouamini kuliko wote.

Kwenye vipande vya tishu, rudi kwenye darubini uangalie ni seli zipi zimewaka. Nyutrofili hubeba MMP-9 tayari ndani ya chembechembe zake, na uvimbe wenye kidonda huwa umejaa nyutrofili. Nimewahi kuona kipande kikihesabiwa kuwa chanya kabisa, kumbe kila seli ya kahawia ilikuwa na kiini cha vipande vipande. Seli za saratani zenyewe zilikuwa nyeupe! Uliza pia tishu ilikaa kwenye formalini muda gani. Kwa titi inashauriwa saa 6 hadi 72, ila sampuli inayosafiri kutoka mbali huweza kukaa wiki nzima.

Wengine hapa watakuambia fanya zaimografia, jeli yenye jelatini ambayo kimeng'enya huitafuna, umalize ubishi. Ifanye, ni nzuri na ni rahisi, ila ujue inachokuonyesha. SDS, sabuni kali ya kwenye jeli, huikunjua hata MMP-9 iliyofungwa, na ukishaiosha kwa Triton, sabuni laini, ikajikunja upya, nayo inakata. Ndiyo maana 92 huonekana kama mstari mweupe kwenye buluu. Tena umeme wa jeli umeshaitenganisha na TIMP-1, kizuizi chake, ambacho mwilini huenda kilikuwa kimeikalia muda wote. Ukitaka kusema inakata, pima kwa kipande cha protini kinachong'aa kikikatwa, kwenye sampuli isiyopitia SDS.

Sasa damu, maana umesema unataka kuongeza ELISA, kipimo cha kiasi cha protini kwa kingamwili. Hapa ndipo nilipoumia. Damu ya wagonjwa wetu ilichukuliwa kwenye vichupa vya kizibo cha zambarau, vinavyozuia damu isigande, na ya watu wasio wagonjwa kwenye vizibo vyekundu, vinavyoiacha igande, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo siku hiyo. Matokeo yakatoka kwamba wasio wagonjwa wana MMP-9 nyingi kuliko wagonjwa. Tulishinda siku mbili tukitafuta maelezo ya kibaiolojia. Maelezo yalikuwa kwenye kizibo: damu ikiachwa igande, seli nyeupe na chembe sahani humwaga MMP-9 yao ndani ya serumu. Tumia plazma, yaani maji ya damu isiyoachwa igande, kwa watu wote, kichupa cha aina moja, na uandike saa ya kuchukua na saa ya kuzungusha. Sampuli zile hatukuweza kuziokoa, na wale watu walikuwa wamekubali kuchomwa sindano kwa ajili yetu. Jambo hilo bado linaniuma.

Kingamwili yenyewe ikikufikia kutoka Dar, usiiweke nzima kwenye friza. Igawe siku hiyohiyo kwenye vichupa vya mikrolita 10, kwa sababu kila ikiganda na kuyeyuka inapoteza nguvu, na umeme wetu unaujua. Ya kwangu moja iliteremshwa kwenye basi saa nane mchana barafu ikiwa imeshakuwa maji. Iliendelea kutoa mistari, tena mingi kuliko mwanzo, na ndiyo iliyonifundisha kupitisha HT-1080 kila mara ninapofungua kichupa kipya.

Weka hapa picha ya bloti nzima, usiikate, pamoja na njia ya vipimo vya uzito. Kwa sasa kwenye tasnifu andika "MMP-9 imeonekana", utaje namba ya kingamwili na toleo lake.