Dirisha kubwa la magharibi: kagua saa kumi jioni

Umeuliza kama chumba cha Sinza, Dar es Salaam, chenye dirisha kubwa la magharibi kinafaa kwa vile kina mwanga. Mwanga wa saa ngapi? Dalali hupenda kuonyesha asubuhi, nyumba ikiwa imepoa. Rudi saa kumi jioni, weka kiganja ukutani kwa ndani. Ukiwa wa moto, tofali zimeshanyonya joto na zitalitoa usiku. Feni itazungusha hewa hiyohiyo. Pazia halisaidii sana, maana jua limeshapita kioo. Lizuie nje, kwa kibaraza au turubai. Mimi ningechukua cha mashariki, kinapata pia upepo wa bahari. Ila ukikikagua, zima taa kwanza: ukuta wa jirani ukiwa karibu, kitakuwa na giza, utawasha taa mchana kutwa na LUKU, umeme wa kulipia kabla, itakimbia.