Pia ya goti na mfuo wake: kwa intani wa fiziotherapia

Nimemkuta tena intani kambananisha mgonjwa na taulo chini ya goti: "Bana, achia, bana, achia." Pia ya goti imeshachomoka mara tatu, na bahasha ya eksirei haijafunguliwa. Wadogo zangu, nawapenda, ila mnanizeesha.

1. Mfuo kwanza, msuli baadaye. Goti likinyooka kabisa, pia inakaa juu ya mfuo wa mfupa wa paja, yaani lile bonde inamoteleza, haijaingia. Inaingia goti likikunjwa kama digrii 20 hadi 30, na kuanzia hapo ukuta wa nje ndio unaoizuia isitoroke. Kabla ya hapo tegemeo kubwa ni kano ya upande wa ndani. Kwadrisepsi, msuli mkubwa wa mbele ya paja mnaousifia kutwa, kwa ujumla wake inaivuta pia ya goti kuelekea nje. Mfuo ukiwa bapa, mvuto huo haukuti kizuizi.

2. Eksirei ya goti lililokunjwa sana, ile inayotazama mfuo kwa juu, inadanganya. Nayasema haya kwa aibu. Nilikuwa na binti mcheza netiboli, pia inamtoka kila akitua. Picha ilionyesha mfuo mzuri, wenye kina, nikamwandikia mazoezi ya vasto ya ndani, sehemu ya kwadrisepsi iliyo upande wa ndani. Wiki zikapita, pia ikatoka tena. Nikamgombeza kwamba nyumbani hafanyi. Mama yake akanijibu taratibu, "Daktari, anafanya, mimi ndiye namhesabia." Nikaongeza seti! Ni bosi wangu aliyeitoa picha ya ubavuni, iliyokuwa humohumo kwenye bahasha tangu siku ya kwanza, akaweka kidole: mstari wa sakafu ya mfuo ulikuwa unaukata mstari wa mbele wa kondili, yale mafundo ya mwisho wa mfupa wa paja. Ndiyo ile alama ya Dejour mliyoikariri kwa ajili ya mtihani. Sehemu ya juu ya mfuo, pia inapoanzia safari, ilikuwa bapa kabisa. Picha yangu ilipigwa goti likiwa limekunjwa, ikaonyesha chini tu, kwenye kina. Nilimwomba radhi mama. Binti hakuniangalia.

3. Pembe ya mfuo, yaani ile iliyo kati ya kuta zake mbili, ikizidi digrii 145, shtukeni: mfuo ni bapa.

4. Kabla ya kugusa chochote, mketisheni ukingoni mwa kitanda anyooshe goti polepole, nanyi mkae mbele yake. Pia ikirukia nje mwishoni, kama inachora J iliyopinduliwa, mmeshapata habari. Mkiisukuma nje kwa kidole gumba, tazameni uso wa mgonjwa, si goti. Mmoja wenu juzi aliinamia goti huku mgonjwa anashika shuka kwa mikono miwili.

5. Mazoezi wapeni, yanasaidia, lakini hayachimbi mfupa. Anayechomoka tena na tena apate barua ya rufaa kwa daktari wa mifupa siku hiyohiyo, siyo Ijumaa saa kumi mkiwa mmeshavaa mabegi.