Ofisi Yangu Ilifanana na Baba Yangu

Jumamosi iliyopita dada mmoja wa Mbeya ameniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimepewa umeneja wa tawi kuanzia mwezi ujao. Nina watu tisa, wanne wamenizidi umri. Nianzie wapi?" Nikamjibu marahaba, hongera sana, kisha nikabaki nimeshika simu robo saa bila kuandika neno. Jibu la haraka kila mtu analo: weka malengo, gawa majukumu, fuatilia. Mimi malengo nilikuwa nayo. Yalitundikwa ukutani, yana fremu kabisa.

SACCOS niliiongoza miaka saba. Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba niliondolewa, ila sababu sijawahi kuitoa yote.

Baba yangu alikuwa stesheni masta Reli ya Kati. Kwetu mtu hachelewi na mkubwa hajibiwi. Kikombe kikivunjika anauliza, "Nani?" Anayekiri anachapwa palepale, anayenyamaza ana nafasi ya kupona. Hilo la pili hakutufundisha kwa mdomo. Tulilishika wenyewe, na mimi nililishika kuliko wote.

Nilipopata ofisi nikaihamishia nyumba ile. Jumatatu saa mbili kamili kikao, mlango naufunga mwenyewe. Kila afisa mikopo anasimama na kusoma marejesho yake ya wiki. Mwenye namba nzuri anakaa. Mwenye namba mbaya anabaki amesimama mpaka kikao kiishe, hata kama ni saa moja na nusu, hata kama ni mama mjamzito (ndiyo, ilitokea). Nilikuwa najivunia, niseme ukweli. Bodi ilikuwa inaleta mameneja wa SACCOS nyingine waje kuona nidhamu. Mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, ilikaa chini ya asilimia 5 robo baada ya robo, na mkutano mkuu ulinipigia makofi mara tatu.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinaendelea chini ya meza. Kuna mama muuza dagaa alikuwa amebakiza 620,000 kwenye mkopo wake. Mtoto akalazwa, mama akaacha kulipa. Afisa wake hakuja kwangu. Alimfungulia mkopo mpya wa 700,000. Mfumo ukasoma kwamba deni la zamani limekwisha, na mama akatoka na elfu themanini pungufu ya ada, huku deni lake likiwa kubwa kuliko alilokuja nalo. Kwenye ripoti yangu alionekana mteja hodari: kamaliza, kakopa tena. Yule afisa nilimpongeza mbele ya wenzake.

Wakaguzi wa nje walikuta mafaili ya namna hiyo sitini na moja. Hakuna aliyeiba hata shilingi, na hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Mwizi ningemfukuza, yakaisha. Hawa walikuwa vijana waaminifu waliokuwa wanatafuta kitu kimoja tu: kukaa chini siku ya Jumatatu. Kwenye fremu tuliandika "kumwinua mwanachama". Lengo ambalo ofisi nzima ilikuwa inalifanyia kazi lilikuwa kumficha bosi kikombe kilichovunjika.

Msaidizi wangu alijua tangu mwaka wa pili. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akanitazama, akasema, "Bosi, ningekuambia nikiwa nimekaa au nimesimama?" Kiti changu anakikalia yeye sasa. Tukikutana msibani namsalimia. Basi.

Wengi wenu humu mnautaka umeneja, najua, inbox yangu imejaa. Mnaniuliza kozi gani msome. Someni. Lakini siku ya kwanza mnaingia ofisini na baba zenu, mama zenu na walimu waliowachapa, na wafanyakazi watawasoma kabla hamjafungua kompyuta. Msidhani maandishi yatawaokoa. Nchi hii ilishaandika: Mwongozo wa TANU wa 1971, kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi majivuno na dharau. Mameneja walikuwa nao makabatini, na bado migomo ya viwandani iliyofuata ililalamikia vilevile kudharauliwa na wakubwa. Mtu aliyelelewa kwa ubabe ataisoma karatasi kibabe.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya malengo jiulize: kwenu habari mbaya ilipokelewaje? Aliyeileta alifanywaje? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe usiku. Na ukishajijibu, jiulize tena, maana mara ya kwanza huwa tunadanganya. Wale wanne waliokuzidi umri waamkie, hilo halikupunguzii cheo. Halafu kikao cha kwanza anza wewe kueleza kosa lako, kosa la kweli, lenye shilingi ndani yake. Si yale ya "udhaifu wangu ni kwamba nachapa kazi mno".

Hayo ndiyo niliyomwandikia yule dada hatimaye, marefu kuliko hapa. Jana amejibu: "Ahsante sana kaka, nimejifunza mengi. Ila naomba na ile fomati ya malengo mliyotundika ukutani, kama bado unayo."

Ninayo. Sijamtumia bado.