Maswali na Majibu: Hariri au Satini? Uliza Uzi Kwanza

Tangu niandike kuhusu nywele za kukatika, maswali ya foronya yamenijaa, na mengi ni lile lile moja. Nimechagua haya. Kama lako hulioni, soma la kwanza taratibu, jibu lako limo mle.

Dada, nataka foronya ya kutunza nywele. Hariri na satini ipi bora? (Kisauni)

Hili nimeulizwa mpaka nimelihifadhi, na kila mara laja limepinda vile vile. Hariri ni uzi. Satini ni ufumaji. Kuuliza hariri au satini ni kama kuuliza mchele au pilau. Uzi wa hariri watoka kwa kiwavi anayelishwa majani ya mforosadi, akishiba anajizungushia nyumba ya uzi, na uzi huo ndio watu huukunjua. Satini ni namna ya kupitisha nyuzi, uzi mmoja unaruka juu ya nyuzi nne au zaidi kabla haujazama chini ya mmoja, ndo manake upande mmoja wang'aa na kuteleza na upande wa pili umefifia. Kwa hivyo satini yaweza kuwa ya hariri, ya poliesta (uzi wa kiwandani, jamii ya plastiki), ya nailoni, hata ya pamba. Zamani ilikuwa ya hariri, na jina lenyewe inasemekana latokana na Zaituni, mji wa bandari huko Uchina ambao leo waitwa Quanzhou. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita hapa Mombasa mwaka 1331, alifika na huko, akavitaja vitambaa vyake. Poliesta ni ya juzi tu, ilibuniwa Uingereza mwaka 1941, na hiyo ndiyo iliyojaa madukani leo. Ukiingia duka la foronya ukaambiwa "satini", jua ni poliesta mpaka uthibitishiwe vingine.

Sasa nywele. Kinachosaidia ni kuteleza, basi. Nywele za kipilipili zina kona nyingi na kila kona ni mahali pa kukatikia, ukijigeuza usiku kucha juu ya pamba ya kawaida zinasuguliwa, zinafungana mafundo, asubuhi unazivuta kwa kitana unazimaliza. Hariri inateleza, satini ya poliesta inateleza, na tofauti yao kwenye hilo si ya kumfanya mtu akope pesa. Kama unazo, chukua hariri, ni laini, haikuchemshi, na ukiitunza yadumu. Kama huna, satini ya poliesta iliyofumwa kwa kubana itakufanyia kazi ile kubwa.

Na naomba tuache uongo mmoja. Wauzaji wanasema hariri "hainywi maji" ndo maana haikaushi nywele. Hariri inanyonya unyevu kuliko pamba! Kwenye hewa ya kawaida hariri yabeba unyevu karibu asilimia 11 ya uzito wake, pamba karibu asilimia 8, poliesta haifiki hata asilimia 1. Anayekuuzia hariri kwa sababu hiyo hajui anachouza, na ukimuuliza swali la pili atakudanganya tena.

Nitajuaje kama ni hariri kweli? (Majengo)

Kwa bei kwanza. Foronya ya shilingi 300 si hariri, hata iandikwe hariri kwa dhahabu. Pili soma lebo ya ndani, itafute asilimia ya hariri na neno momi, hicho ni kipimo cha uzito wa hariri na kwa foronya 19 mpaka 25 ni sawa, chini ya hapo itachanika haraka. Ukiona "silky" au "satin silk" bila kutajwa uzi, rudisha mahali pake.

Tatu, moto. Mwaka jana nilinunua foronya mbili kwenye duka moja mjini, muuzaji kaapa ni hariri tupu, na bei ilikuwa ya hariri. Nyumbani nikachomoa uzi mmoja pindoni nikaushika kwa kibanio juu ya sinki nikawasha kiberiti. Hariri ikiungua inanuka nywele zilizoungua, haswa ile harufu ya saluni pasi ikizidi moto, na jivu lake ukilibana kwa vidole lasagika unga. Ule wangu ulijikunja, ukanuka plastiki, ukaacha kishanga cheusi kigumu kama mbegu ya mpapai. Ile ni poliesta. Nilirudi na kishanga changu kwenye karatasi na pesa sikurudishiwa. Kwa hivyo kabla hujalipa pesa nyingi, mwambie muuzaji akuchomolee uzi mbele yako. Akikataa, ushapata jibu.

Nywele za mbele zimeisha, kipaji kimerudi nyuma. Nikilalia hariri zitarudi? (Likoni)

Hazitarudi kwa foronya dadangu, na anayekuahidi hivyo anakula pesa yako.

Nakuuliza, unasuka vipi? Manake nyinyi mnaoniandikia kuhusu nywele za mbele, tisa katika kumi mnasuka mpaka macho yanavutika, usiku wa kwanza hamuwezi kulala kwa kichwa kuuma, mnameza dawa ya maumivu halafu mwasema "imekaa vizuri". Kile kichwa kinakuambia vinyweleo vinang'olewa. Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa nywele siku ya pili, msuko ule ufumuliwe siku hiyo hiyo, usingoje harusi ipite. Vinyweleo vikivutwa hivyo mwaka baada ya mwaka vinakufa, pale mahali panakuwa laini na kung'aa, na pakishang'aa hapana mafuta wala foronya wala kitunguu cha kupakaza kitakachootesha nywele. Ukiwahi kabla, zinarudi. Kwa hivyo pumzisha kichwa, suka mistari minene isiyobana, usiongeze nywele nzito za bandia, na ushungi usiukaze kwa pini mahali pale pale kila siku. Kama pashaanza kung'aa nenda kwa daktari wa ngozi mapema.

Na wasusi wananisoma, nawaambia na nyie. Mtoto wa miaka minne akilia kwenye kiti si utundu, anaumia. Legezeni mkono. Na mama aliyekaa pale pembeni akimwambia "vumilia upendeze", mama, wewe ndiye mwenye kumlinda.

Nimelalia satini mwezi mzima na bado naona nywele juu ya mto kila asubuhi. Nimeibiwa? (Bamburi)

Huenda hukuibiwa. Kichwa kizima hudondosha nywele 50 mpaka 100 kwa siku, hiyo ni kawaida ya Mungu. Fanya hivi. Kesho asubuhi ziokote zile nywele, ziweke juu ya karatasi nyeupe, nenda nazo dirishani. Angalia ncha zote mbili za kila unywele. Ukiona upande mmoja una kidoto cheupe kama kichwa cha pini, huo umetoka na mzizi, umemaliza muda wake, na foronya haihusiki. Ukiona kipande kifupi hakina kidoto upande wowote, huo umekatika, na hapo ndipo foronya, kitana na msuko wako vinahusika. Hesabu vipande hivyo wiki hii, hesabu tena baada ya mwezi. Vikipungua, satini inafanya kazi. Nyote mnaoniuliza "inasaidia au haisaidii" bila kuangalia hata unywele mmoja, anzeni hapa.

Satini yaniletea jasho, naamka shingo imeroa. Nifanyeje na joto hili? (Changamwe)

Ni poliesta, nshasema hainyonyi kitu, jasho linabaki kati yako na kitambaa. Miezi ya kaskazi, Januari mpaka Machi, na kama feni yako ni ya kusukuma hewa moto tu, utateseka. Una njia mbili. Tafuta satini ya pamba, haitelezi kama hariri lakini yateleza kuliko pamba ya kawaida na inapumua. Au lalia pamba yako na ufunge kichwa kitambaa chepesi kinachoteleza, ukiacha masikio na shingo wazi. Na ioshe hiyo ya poliesta kila wiki, inashika mafuta ya nywele na yale mafuta ndiyo yanayowatoa vipele kwenye kipaji. Mnapaka nazi mpaka inachirizika halafu mwalaumu sabuni ya uso! Mafuta ya nazi ni mazuri sana, yanaingia ndani ya unywele, lakini yapake kabla ya kuosha, si kabla ya kulala.

Nikivaa boneti, ile kofia ya kulalia, bado nahitaji foronya? (Nyali)

Hapana. Kimoja chatosha, mradi boneti isichomoke usiku na lastiki yake isikukate mstari wa mbele.

Na leso je? (Mji wa Kale)

Leso, yaani kanga, ni pamba. Kuifunga kichwani usiku ni kusugua nywele kwa pamba ile ile, tena kwa kukaza. Iweke juu ya kitambaa cha satini ukitaka, lakini isiguse nywele.

Mume wangu hataki foronya ya hariri kitandani, asema ni haramu. Ni kweli? (Kibokoni)

Mwanamume kuvaa hariri bila dharura ni haramu, hilo halina mabishano. Kuilalia ndipo wanazuoni walipotofautiana. Wengi wameikataza kwa wanaume wakishika Hadithi ya sahaba Hudhayfa iliyo katika kitabu cha Bukhari, inayotaja kuivaa na kuikalia, Imamu Abu Hanifa yeye akaruhusu kuikalia na kuiegemea. Sisi wengi huku pwani ni Mashafii, wafuasi wa Imamu Shafii, na madhehebu yetu yamo kwa waliokataza, kwa hivyo mumeo hajakosea hata kidogo na usimcheke. Mimi si sheikh, mkitaka undani muulizeni wenu. Lakini suluhu ni nyepesi, mito ni miwili, wako uvike hariri na wake uvike pamba. Au nunua ya poliesta, manake makatazo ni ya hariri ya kiwavi, poliesta haimo humo.

Naifuaje hariri? (wengi mno)

Kwa mkono, maji ya baridi au vuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 30, na sabuni ya maji laini, hata shampuu inafaa kwa sababu hariri ni protini kama nywele zako. Usitumie sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kutoa madoa, vile vinakula protini, vitakula na foronya. Usisugue, usiikamue kwa kuinyonga, ikunje ndani ya taulo uibonyeze. Anika kivulini, jua letu la saa sita litaifubaza na kuidhoofisha nyuzi.

Blichi usiisogeze kabisa. Foronya yangu ya kwanza ya hariri, zawadi ya mamangu mdogo aliporudi safari, niliiloweka kwa blichi usiku kucha nikitaka weupe. Asubuhi nilipoinyanyua ilikuwa manjano kama ukucha wa mzee, na nilipoibana tu kutoa maji ikafunguka katikati kama karatasi iliyoloa. Sikupata kumwambia mpaka leo.

Na wenye maji ya kisima, yale ya chumvi, fueni nayo kama hamna budi lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu ya mfereji, tia kijiko cha siki nyeupe kwenye ndoo, la sivyo kitambaa kinakauka kigumu na ule utelezi mlioulipia umekwenda. Chumvi hiyo inafanya vivyo hivyo kwenye nywele zenyewe.

Nina mtoto wa miezi mitatu na nywele zinatoka mafungu mafungu nikioga. Foronya gani inifae? (Mtwapa)

Hakuna, na usitoe senti. Ukiwa mjamzito nywele nyingi hukawia kudondoka, ukishajifungua zile zilizokawia zinaondoka kwa pamoja, huanza miezi 2 mpaka 4 baada ya kuzaa. Ziangalie zina kidoto cheupe. Kwa wengi kichwa hurudi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Lakini kama unachoka kupita kiasi, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi, au ulimwaga damu nyingi wakati wa kuzaa, omba kliniki wakupime damu na madini ya chuma, siku utakayompeleka mtoto chanjo mpimwe nyote wawili. Mwanamke aliyezaa hupimiwa mtoto tu, yeye anarudi nyumbani hajaulizwa hali. Mimi hili laniuma.

Je, naweza kulala na nywele mbichi kama nalalia hariri? (Tudor)

Usilale nazo. Unywele ukiroa unavimba na kulegea, huo ndio wakati wake wa kukatika kirahisi. Osha mchana.

Mwanangu ana vibarango kichwani, nimemnunulia foronya ya satini apone. (Kongowea)

Mamangu, vibarango ni fangasi. Fangasi wa kichwani huingia ndani ya unywele, dawa ya kupaka peke yake haimfikii, mtoto anahitaji vidonge au dawa ya maji ya kunywa kutoka kwa daktari, na kwa kawaida ni ya wiki kadhaa. Mpeleke wiki hii. Foronya yake ifuliwe kwa maji ya moto, asilale mto mmoja na wenzake, na kitana chake kiwe chake. Akichelewa panaweza kubaki kovu lisiloota nywele maisha.

Foronya ya zipu au ya kukunjia? (Kizingo)

Ya kukunjia. Binti yangu alinaswa na zipu saa kumi na moja alfajiri, nikahangaika nayo kwa tochi ya simu na mafuta mpaka adhana ikaisha, mwisho nikachukua mkasi.