Nimepanda Lengai, sa Erta Ale itanitisha nini?

SWALI: Habari kaka, mi msomaji wenu wa Arusha. Mwaka jana nilipanda Ol Doinyo Lengai usiku, magoti yalinitoa machozi ila nikafika juu jua linachomoza. Sasa marafiki zangu wanapanga kwenda volkeno ya Erta Ale, kule Ethiopia jangwani kwa Waafar. Nimecheki urefu, mita 613 tu! Lengai ina 2,962. Sa kwa nini nako watu wanapanda usiku? – Mama Lengai

JIBU: Dada, hongera kwa Lengai, ila hapo kwenye kucheka ngoja kwanza. Lengai unapanda usiku ili jua lisikukute kwenye ule mteremko wa majivu, Erta Ale hakuna mteremko wa maana, ni mgongo mpana unapanda polepole kama kilomita kumi hivi, masaa matatu manne umefika, shida ni joto bwana. Hilo jangwa lenyewe, Danakil, sehemu zake ziko chini ya usawa wa bahari, na sehemu inaitwa Dallol, kaskazini kidogo, walipima miaka ya 1960 wakakuta wastani wa mwaka mzima, usiku na mchana, ni zaidi ya digrii 34. Mchana lile jiwe jeusi ni kikaango. Mimi soli ya kiatu ilibanduka njiani, gundi imelegea kabisa, nikamalizia nimeifunga na kamba ya ngamia (ngamia ndo wanabeba magodoro na maji, mnalala hukohuko juu).

Karibu na kreta ndo uwe makini. Lava (ule uji wa mawe ya moto) iliyopoa juzijuzi ina ganda jembamba, unakanyaga linavunjika kama maandazi makavu na chini kuna uwazi, halafu linakata kama chupa kwa hiyo vaa suruali ndefu na glovu, na ukute upepo unapeperusha vinyuzi vya kioo, usifikiche macho. Moshi wa salfa nao unakaba koo, kaa upande upepo unakotokea na usishuke kwenye mabonde maana ile gesi ni nzito inatuama chini. Mwenye pumu kwenye kundi lenu abaki kambini, asione aibu.

Ziwa la lava, lile la ndani ya kreta, msiahidiane kuliona. Januari 2017 lilifurika kisha likashuka sana, toka hapo mara lipo mara ni moshi mwekundu tu. Na Novemba 2025 volkeno jirani, Hayli Gubbi, ililipuka majivu yakavuka bahari mpaka Yemen na Oman, kwa hiyo ulizeni hali wiki ileile ya safari.

Usalama pia. Januari 2012 watalii watano kutoka Ulaya waliuawa pale Erta Ale, ndo maana utaona mnasindikizwa na watu wenye bunduki. Wakikwambieni leo hampandi, msibishane nao.

Maji beba lita tatu au nne kwa kichwa, na tochi ya kichwani yenye betri mpya. Kushuka ni alfajiri kabla jua halijawaka. Mzungu mmoja kwenye kundi letu aliambiwa saa kumi akajua ni ile ten ya kizungu, yaani saa nne yetu asubuhi, akalala fofofo, hajui Waethiopia wanahesabu saa kama sisi. Wewe hapo huna tatizo.